Tupa Inayotupwa

Nyumba ya Mama Pacha huamka kwa sauti mbili. Ya kwanza ni ya randa ya mumewe, shwaa, shwaa, ikilamba mbao uani. Ya pili ni ya pacha wake wawili wa kike wakigombania kioo kimoja. Mama Pacha mwenyewe hana maneno mengi asubuhi. Anafagia maranda yaliyoingia sebuleni, anapangusa meza ndogo, kisha anaweka juu yake mkebe wa biskuti.

Ndani ya mkebe hamna biskuti. Ziliisha zamani, na pacha wanajua zilikokwenda. Humo mna vifaa vya Mama Pacha vya kutengenezea kucha. Mna chupa za rangi, pamba, brashi, na koleo ndogo ya kukatia ngozi. Mna tupa pia. Tupa moja ni ya chuma, yenye mpini. Nyingine ni vijibao vyembamba vilivyobandikwa msasa. Ukitoa rangi na pamba, kila kitu humo kimetoka kwenye sanduku la mumewe.

Mumewe ni seremala. Mtaani wanamwita Randa. Wengine wanasema ni kwa ajili ya kazi yake. Wengine wanasema ni kwa ajili ya mwendo wake, kwa sababu akisifiwa kabati moja tu, huranda barabara nzima.

"Kucha ni nini?" Randa hupenda kusema. "Ni mbao ndogo tu. Unakata, unapiga msasa, unapaka rangi. Ukijua mbao, umejua kucha."

Mama Pacha alicheka kila aliposikia hivyo, lakini vifaa alivipokea. Hakuwahi kwenda chuo. Kazi aliifundishwa na mikono yake, na mikono hiyo ilikuwa hodari. Aliweza kuchora ua dogo kwenye ukucha wa kidole cha mwisho huku pacha mmoja akimning'inia mgongoni. Majirani walikuja, wakakaa kwenye kigoda, wakanyoosha vidole, na wakaondoka wakivitazama vidole vyao njia nzima.

Sifa zikafika njia panda, kwenye saluni ya Bi Taratibu.

Bi Taratibu alipewa jina hilo na wateja wake. Ukimharakisha, jibu lake ni hilo moja: taratibu. Fundi wake wa kucha alikuwa amehama na familia yake, na meza iliyokuwa dirishani ilikaa bure. Siku moja alimwona mwuza mboga ana kucha nzuri. Akauliza nani amezitengeneza. Jioni ile ile akaja kwa Mama Pacha, akakaa, akatazama kazi, hakusema neno mpaka mwisho.

"Mkono unao," alisema. "Vifaa nitavitazama siku nyingine. Jumamosi njoo saluni ufanye kazi mbele yangu. Ukinifaa, meza ya dirishani ni yako."

Usiku huo Mama Pacha hakula vizuri kwa furaha. Aliitaka meza ile kuliko kitu chochote. Tangu aolewe alikuwa mke wa Randa. Tangu ajifungue alikuwa Mama Pacha. Majina yote mawili aliyapenda. Lakini alitamani kuwa na kazi yake, mahali pake, na wateja wanaokuja kwa sababu yake.

Jumatatu Bi Taratibu alipita tena. Mama Pacha alikuwa amewapeleka pacha shule. Uani alikuwapo Randa peke yake, jasho linamtoka, mlango wa mtu mezani.

"Mkeo hayupo?"

"Ametoka kidogo. Karibu ukae."

"Sikai, nina mteja ana dawa kichwani. Mwambie hivi, kabla ya Jumamosi: tupa, atupe. Chuma, aoshe. Na ngozi aiache."

"Nitamwambia," alisema Randa.

Bi Taratibu akaenda zake. Randa akasimamisha kazi, akaanza kuwaza.

Tupa, atupe. Chuma, aoshe. Maneno hayo hayakumwingia. Tupa si ndiyo chuma? Sasa chuma hicho hicho utakitupa vipi, halafu ukioshe? Yeye alikuwa na tupa aliyorithi kwa marehemu baba yake, na bado ilikuwa inakula mbao kama siku ya kwanza. Tupa haitupwi. Anayetupa tupa atatupa hata nyundo. Akaamua kwamba yule mama ulimi umemteleza, na kwamba alichotaka kusema ni tupa ioshwe.

Na ngozi? Hapo alifikiri kidogo tu. Alikumbuka mkoba wa ngozi aliomshonea mkewe wa kubebea vifaa. Ulikuwa umechakaa na ulinuka gundi. Bila shaka Bi Taratibu hautaki saluni kwake.

Mama Pacha aliporudi, alipewa ujumbe.

"Bi Taratibu amepita. Anasema uoshe vifaa vyako vyote. Na Jumamosi usiende na ule mkoba wangu wa ngozi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mengine yalikuwa yamepinda, nimekunyooshea."

Na kwa kuwa Randa alimpenda mkewe na aliitaka Jumamosi yake kama yeye, hakuishia kwenye maneno. Alichukua beseni la maji na sabuni, akaosha kila kitu. Akaosha tupa ya chuma. Akaosha vile vijibao vya msasa. Akavianika juani kwenye meza ya kazi, vikakauka vikawa kama vipya.

Jumanne mwuza mboga alikuja kutengenezwa kucha. Ukucha wake mmoja ulikuwa umeanza kuwa mnene na wa manjano. Mama Pacha aliusugua kwa kijibao mpaka ukalainika, akaufunika kwa rangi. Mwuza mboga alipoinuka, mama mkwe akakaa.

Mama mkwe aliishi nao, chumba cha nyuma. Yeye na mkwewe walipendana kwa utani. Mama Pacha alipotaka kujaribu rangi mpya, mikono ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema mama mkwe, akivitazama vidole vyake. "Sasa mimi mzee atanivika nani?"

"Mama, ukiolewa tena kabati nitakutengenezea bure," alijibu Randa kutoka uani.

Wakacheka wote. Mama Pacha alichukua kijibao kile kile, akasugua. Akachukua koleo, akakata ile ngozi nyembamba inayokaa pale ukucha unapoanzia. Alitaka ukucha utoke msafi, wenye umbo. Kwenye dole gumba alikata kidogo zaidi, pakatoka tone la damu. Akalifuta kwa pamba, akapaka rangi ya zambarau. Mama mkwe akaenda kuwaonyesha majirani.

Alhamisi asubuhi wote walikuwa wanakunywa chai. Pacha mmoja akasema, "Mbona Bibi anashika kikombe kwa mkono wa kushoto?"

"Mkono wa kulia umelala," alisema mama mkwe. "Nawe kunywa chai yako."

Lakini pacha wa pili alikuwa ameshainama chini ya meza. "Dole la Bibi limenenepa."

Mama Pacha aliinuka, akaushika ule mkono. Mama mkwe alijaribu kuuvuta, akashindwa. Dole gumba lilikuwa limevimba na kuwa jekundu. Lilikuwa la moto. Pembeni mwa ukucha, chini ya ile rangi nzuri ya zambarau, usaha ulikuwa umejikusanya.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu jana."

"Na hukuniambia?"

"Wewe una Jumamosi yako," alisema mama mkwe. "Sikutaka kukuvunja moyo kwa kidole kimoja. Ninavyo tisa vingine."

Mama Pacha alitaka kulia. Aibu ilimshika, na hofu pia. Aliikumbuka ile damu na ile pamba. Alijua bila kuambiwa kwamba ni mkono wake uliofanya hivyo.

Randa alikuja mbio na sindano ya kushonea magodoro. "Mambo ya usaha ni kutoboa tu. Lete."

"Mimi si mbao, mwanangu," alisema mama yake. "Rudisha sindano yako sandukuni."

Wakaenda zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya baridi. Alilisafisha dole, akautoa usaha kwa kifaa safi, akalifunga bendeji. Akatoa dawa na kueleza namna ya kuzimeza. Kisha akauliza kilichotokea, na Mama Pacha akasema kila kitu bila kuficha.

"Vijidudu vimetoka wapi hasa, siwezi kujua," alisema muuguzi. "Huenda ni kwa mtu mwingine, huenda ni kwenye kifaa. Ninachojua ni mahali vilipopita. Ile ngozi nyembamba uliyoikata si uchafu. Ndiyo mlango wa ukucha. Kazi yake ni kufunga ili kitu kisiingie. Ukiikata, unawafungulia wezi."

"Mimi nilidhani inaharibu sura."

"Wengi wanadhani hivyo. Na jambo jingine. Palipotoka damu pana hatari kubwa kuliko usaha. Virusi vya homa ya ini hupita kwenye damu. Virusi vya UKIMWI pia. Kifaa kilichomtoa mtu mmoja damu hakigusi mtu mwingine mpaka kisafishwe na kuuliwa vijidudu."

Walipofika nyumbani, Mama Pacha alimlaza mama mkwe, akamwekea maji karibu. Kisha alichukua mkebe wake wa biskuti, akatoka. Alikwenda saluni kuiaga ile meza.

Saluni ilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele. Kikaushio kilikuwa kinavuma. Bi Taratibu alimaliza kichwa cha mteja, akamwita Mama Pacha nyuma ya pazia.

"Jumamosi sitakuja," alisema Mama Pacha. "Nimemwumiza mama mkwe wangu. Nimemkata, dole limetunga usaha. Mtu wa namna hiyo hakufai. Nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu."

Bi Taratibu alivuta kiti. "Umemkata ngozi?"

"Ndiyo."

"Si nilikuachia maneno? Nilisema ngozi uiache."

"Niliiacha. Iko nyumbani, imetundikwa kwenye msumari."

Bi Taratibu akamtazama. "Nini kimetundikwa kwenye msumari?"

"Mkoba wa ngozi. Mume wangu alisema hutaki nije nao."

"Na tupa?" aliuliza Bi Taratibu. "Nilisema tupa utupe."

"Tupa tuliziosha. Zote. Mume wangu alisema umesema tuoshe."

"Mumeo seremala."

"Ndiyo, seremala."

Bi Taratibu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Mama Pacha, ambaye hakuwa na hamu ya kucheka, akajikuta anatabasamu. "Kosa ni langu pia," alisema Bi Taratibu akifuta macho. "Maneno ya watu wa kucha nikayaacha kwa mtu wa mbao. Fungua mkebe wako."

Alitandaza kitambaa cheusi mezani. Akachukua kimoja cha vijibao vya msasa, kile kilichooshwa na kuanikwa juani kikawa kama kipya. Akakigonga juu ya kitambaa, ko, ko. Vumbi jeupe likaanguka.

"Hili ni vumbi la kucha za nani?"

Mama Pacha alilitazama. Lingeweza kuwa la mwuza mboga. Lingeweza kuwa la mama mkwe, au la mtu wa wiki iliyopita.

"Ndiyo maana tunasema tupa, tupa," alisema Bi Taratibu. "Tupa zetu za kucha nyingi ni za karatasi na msasa. Vumbi linakaa katikati ya punje, sabuni hailifikii. Na hiki kijibao chini yake ni mbao. Muulize mumeo, mbao ikilowa inafanya nini?"

"Inakunywa maji."

"Inakunywa na ule uchafu. Basi tupa ya namna hii ni ya mteja mmoja. Akiondoka, nayo inakwenda kwenye pipa. Kijiti cha kusukumia ngozi vilevile, na pamba vilevile. Kitu kinachonyonya hakioshwi, kinatupwa."

Akakigeuza kijibao. Pembeni, msasa ulikuwa umekunjwa ukaonyesha mgongo wake wenye namba.

"Halafu huu ni msasa wa kusugulia milango. Namba ndogo, punje kubwa. Ukucha wa asili wa mtu unataka namba kubwa, msasa laini. Wateja wako hawakulalamika kwamba kucha zinakuwa nyepesi?"

"Walilalamika. Nikadhani ni sabuni ya kufulia."

"Bandu bandu huisha gogo. Ni wewe uliyekuwa unazimaliza, kidogo kidogo. Na unasugua upande mmoja, taratibu. Hatukati kuni hapa."

Akaitenga ile tupa ya chuma yenye mpini, akaitenga na koleo. "Hivi virudi kwa mwenyewe. Hii koleo ni ya kukatia waya."

Kisha akafungua kabati lake la vifaa. Kulikuwa na kikata kucha, mkasi mdogo na kisukuma ngozi, vyote vya chuma kisichoshika kutu. Vilikuwa ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Kando yake palikuwa na chombo kingine, nacho kilikuwa na vifaa vilivyotumika.

"Sasa chuma," alisema. "Chuma hakinyonyi, kwa hiyo tunakiosha. Kwanza maji na sabuni, unasugua kwa brashi mpaka kwenye pembe. Unasuuza, unakausha. Halafu unakizamisha chote kwenye dawa ya kuua vijidudu. Muda wa kukaa humo umeandikwa kwenye chupa. Usiupunguze kwa sababu mteja ana haraka."

"Nikikitia kwenye dawa moja kwa moja, bila kuosha?"

"Umefanya kazi bure. Dawa haiui kilichojificha chini ya uchafu. Kikitoka kwenye dawa, unasuuza, unakausha, unakifungia humu. Safi inakaa na safi. Kilichotumika kinakaa peke yake. Huu mkebe wako mmoja umelaza wagonjwa na wazima kitanda kimoja."

Mama Pacha aliutazama mkebe wake kana kwamba ndio anauona leo. "Na ngozi?"

"Unaloweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu, unaisukuma polepole kwa kijiti, basi. Hukati iliyo hai. Na kabla ya yote unanawa mikono, na mteja ananawa. Unavaa barakoa ukisugua, maana vumbi hilo unalivuta wewe. Dirisha wazi. Ikitokea damu, unavaa glavu, unabana kwa pamba safi, na kazi imesimama."

"Mteja akija na ukucha mgonjwa?"

"Humgusi. Hata akikulilia. Unamwambia kwa heshima aende zahanati. Rangi si dawa, rangi hufunika tu."

Mama Pacha alianza kurudisha vitu mkebeni. "Ahsante, Bi Taratibu. Nimejifunza. Utakayempata ana bahati."

"Nani amekwambia nimepata mwingine? Jumamosi njoo."

"Bado unanitaka?"

"Nitakutazama, sijasema nimekuchukua. Lakini fundi aliyekosea akaja kusema, huyo anafundishika. Aliyekosea akanyamaza, simtaki karibu na watu wangu."

Nyumbani, Randa alikuwa amekaa juu ya benchi lake la kazi bila kufanya kazi. Alimwona mkewe akaanza yeye. "Mjumbe hauawi."

"Hauawi," alisema Mama Pacha. "Lakini anaulizwa."

Akamweleza yote, tangu tupa mpaka ngozi. Randa alisikiliza. Mkewe alipofika kwenye mbao inayokunywa maji, Randa aliinamisha kichwa. Hilo alilijua. Alilijua tangu utoto, na hakuwahi kulihusisha na kidole cha mtu. Akaenda chumba cha nyuma, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Nilipewa neno zima, nikalipiga randa mpaka likabaki maranda."

"Nimekusamehe," alisema mama yake. "Siku nyingine neno usilolielewa, uliza. Kuuliza si ujinga. Sasa nimenyee embe au ndizi, mkono wangu haumenyi."

Ijumaa Mama Pacha alinunua alivyoweza: kikata kucha kizuri, kisukuma ngozi, brashi, chupa ya dawa, na visanduku viwili vyenye vifuniko. Bi Taratibu alimwuzia pakiti ya misasa laini ya kucha, ile ya kubandika, yenye gundi mgongoni. Randa aliishika, akaigeuza, akasoma namba zake. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huu ni wa kumalizia kiti cha mfalme," alisema.

Akaenda kwa jirani yake mchomelea vyuma, akarudi na kipande chembamba cha chuma kisichoshika kutu. Alikikata, akakipiga tupa kingo zote mpaka zikawa laini kama kijiko. Mama Pacha akabandika msasa mmoja juu yake, akajaribu kwenye ukucha wake mwenyewe. Ulikwenda vizuri, bila kukwaruza. Akaubandua, akautupa. Chuma kikabaki mkononi, tayari kwa kuoshwa.

Randa alikuna kidevu. "Kwa hiyo tupa inatupwa, na tupa haitupwi."

"Sasa umeelewa, mume wangu."

Jumamosi saluni ilijaa. Mama mkwe alikuja pia, dole lake kwenye bendeji, akakaa kwenye benchi la wateja. Alisema amekuja kupunga upepo. Kila mtu aliona amekuja kumlinda mkwewe.

Mama Pacha alifungua dirisha. Akafuta meza kwa dawa. Akanawa mikono. Akatoa kisanduku cha vifaa safi mbele ya mteja, ili mteja aone. Bi Taratibu alikuwa anasuka mtu upande wa pili, macho yake yako kwenye kioo, na kioo kinaonyesha meza ya dirishani.

Mteja wa kwanza alikuwa mshonaji wa nguo. Alivaa gauni zuri na alikuwa na haraka. "Kesho mdogo wangu anaolewa," alisema. "Nataka rangi ya dhahabu, ing'ae mpaka mlango wa nyuma."

"Itang'aa," alisema Mama Pacha.

Akaanza kuitoa rangi nyekundu ya zamani. Kucha za kwanza zilikuwa nzuri. Alipofika kidole cha nne, pamba ilisimama. Ukucha ule ulikuwa mnene na wa manjano. Ncha yake ilikuwa imeanza kuachana na nyama.

"Huu umekuwa hivi tangu lini, dada?"

Mshonaji alikunja kidole haraka. "Wa zamani huo. Nimeuzoea. Wewe paka rangi tu."

Mama Pacha alimwona Bi Taratibu kwenye kioo. Aliiona meza, dirisha, na benchi limejaa watu. Mteja wake wa kwanza, siku ya majaribio, mwenye shughuli kesho. Akimkatalia, saluni nzima itasikia.

"Samahani, dada yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Leo sitaweza kukutengeneza. Ukucha huu unaonekana mgonjwa. Nikiufunika, utazidi chini ya rangi, na unaweza kuhamia kwenye vidole vingine. Nenda zahanati wautazame kwanza. Ukipona, nitakutengeneza."

"Mimi nimekuja nipendeze, wewe unanipeleka hospitali?" Mshonaji aligeuka. "Bi Taratibu, unamsikia mtu wako? Mwambie anipake rangi."

Kikaushio kilizimwa. Benchi zima likageuka. Mama Pacha alishusha mikono yake mapajani na kuitazama.

Bi Taratibu hakuacha kusuka. "Meza ni yake," alisema. "Mwombe yeye."

Maneno hayo yalimfikia Mama Pacha polepole. Alipoyaelewa, macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa mgongo wa mkono. Kisha akakumbuka, akainuka akanawa tena.

Mama mkwe, kwenye benchi, aliinua dole lake lenye bendeji. "Mwanangu," alimwambia mshonaji, "mimi ni mama mkwe wake. Mimi alinipaka bila kuniuliza maswali. Ona nilipo. Wewe ameanza kukupenda mapema."

Watu wakacheka. Mshonaji naye, alipojaribu kununa, hakufaulu. "Na kesho nitavaa nini mikononi?"

"Kesho watamtazama bibi arusi," alisema Mama Pacha. "Wewe shika vyombo, hakuna atakayeona."

Mshonaji alikwenda zahanati siku hiyo hiyo. Waliuchunguza ukucha wakaona ni fangasi, wakampa dawa na kumwambia awe mvumilivu, kwa sababu ukucha hauna haraka. Alikuwa akipita saluni mara kwa mara, anauonyesha dirishani ukucha mpya unavyopanda kutoka chini, msafi. Mwuza mboga naye alipelekwa zahanati, na Mama Pacha ndiye aliyemshika mkono kwenda naye.

Mama mkwe alipona. Bendeji ilipotoka na ngozi ikajifunga vizuri, alivaa nguo yake ya kutokea akaja saluni. Mama Pacha alitaka kumwita mbele. Alikataa. Alipanga zamu kama wateja wengine, akingoja kwenye benchi na kuwasikiliza wakisifu mkono wa mkwewe, bila kuwaambia yeye ni nani.

Zamu yake ikafika. Akaketi kwenye kiti cha dirishani, akanawa mikono, akaikausha kwa taulo safi. Mama Pacha alifungua kisanduku, akavaa barakoa, akanyoosha kiganja. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye dole gumba, kisha yakalikwepa.

Mama mkwe aliliona hilo. Akaunyoosha mkono wake wa kulia, akatanguliza dole gumba.

"Anza na hili," alisema.